Mtungi wa Langoni

Rodah Chepyegon aliufunika ule mtungi kwa gunia la kubebea majani ya chai, akaongeza kanga kuukuu juu yake, kisha akalaza ubao juu ya kanga, utadhani ni maziwa anayoyalinda na paka. Mtungi ulikuwa umekauka zamani. Alikuwa ameusugua kwa jiwe la mtoni mpaka ukang'aa, akaupaka ngeu, ile rangi ya udongo mwekundu, ukapendeza, akauzungushia shingoni alama za kamba iliyosokotwa. Kilichobaki ni kuuchoma tu, na kuuchoma ndiko alikokuogopa. Watu wote wa mteremko ule wa Sosiot walijua kwamba mtungi huo ukitoka motoni utakuwa wa kuwekwa langoni siku za mazishi. Walijua pia jambo jingine ambalo hawakulitaja mbele yake: aufinyangaye ndiye wa kwanza kuzikwa nao.

Tuelewane mapema, maana mgeni anaweza kudhani watu wa huku wana mambo ya ajabu. Sisi huzikana nyumbani, kando ya mashamba yetu ya chai, na aliyetupa udongo kaburini haendi kwenye chakula kabla ya kunawa mikono langoni. Basi. Hakuna mganga wala hirizi. Kwa kweli, hata sufuria ingefaa, na sidhani Mungu huchungulia kuona watu wamenawa kwa chombo gani. Lakini mteremko ule ulikuwa na mtungi wake, mkubwa, mweusi, uliofinyangwa na bibi mmoja kabla Rodah hajaolewa pale. Inasemekana ulikuwa haujapoa vizuri bibi yule akafariki, na mikono ya kwanza kunawa humo ilikuwa imetoka kumzika yeye. Ilitokea mara moja tu. Ila jambo likitokea mara moja kwa watu wanaopenda kusimulia, linageuka sheria.

Mtungi wa bibi ulihudumu miaka na miaka. Kwa mtungi huo huo watu walinawa walipomzika Kipngeno, mumewe Rodah. Halafu siku moja, kwenye mazishi ya mtu mwingine, ndama akakata kamba, akapita langoni mbio, na mtungi ukawa vigae. Tangu hapo watu wakanawa kwa mtungi wa plastiki, ule wa manjano, uliokuwa na harufu ya mafuta ya taa ambayo haikutoka hata ungeukosha kwa sabuni ya aina gani. Noah, mzee wa kanisa aliyesimamia mambo ya mazishi, aliionea aibu harufu ile kuliko mtu yeyote. Jumapili moja baada ya ibada akasimama mbele ya watu.

"Hii maneno ya jeriken tuache," akasema. "Tuko na mama hapa Mungu amempatia mikono. Mama Kipkemoi, si utatusaidia?"

Kanisa zima likageuka kumtazama Rodah. Wahenga walisema kataa neno usikatae wito, lakini hawakusema ufanye nini ukiitwa mbele ya watu, macho yote yakiwa kwako, na pasta akitabasamu. Rodah akaitika kwa kichwa.

Ufinyanzi wenyewe aliujua kwa sababu ya kifo, na kifo chenyewe kilikuwa cha upole mno. Kipngeno alikula chakula cha mchana, akasema anajinyoosha kidogo, akalala, ukungu ukapanda kutoka bondeni ukaifunika nyumba, na ulipoondoka yeye hakuamka. Hakuugua, hakuita, hakuaga. Rodah angeweza kukielewa kifo chenye kelele. Hiki cha kuingia kama jirani anayekuja kuomba chumvi kilimwacha akiuogopa usingizi wenyewe. Alikuwa akisimama katikati ya chai, kikapu mgongoni, vidole juu ya jani, na jani halichumiki.

Katika siku hizo za kutembea kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda, aliteremka bondeni kumkatia ng'ombe majani, akamkuta mwanamke amezama magotini kwenye kinamasi, anachimba udongo na kuimba. Huyo ndiye Ayoo. Alitoka pande za ziwani, akaletwa huku zamani na mumewe aliyekuwa akilisha kuni bwela, lile tanuri la mvuke la kiwanda cha chai. Mume alikufa, watoto, Okoth na wenzake, wakaenda zao, naye Ayoo akapanga chumba karibu na soko la Sosiot, akawa anauza vyungu kando ya barabara. Kwao walikuwa wafinyanzi, mama yake na mama wa mama yake. Alimtazama Rodah, hakumuuliza jina wala kabila.

"Wewe unalia na mikono mitupu?" akasema. "Hapana. Shika hii."

Akamtupia donge la udongo. Rodah akalidaka, na bila kujua akaanza kulifinya.

Ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na ulikuwa urafiki wa kutaniana tangu siku ya kwanza. Ayoo alimwambia watu wa ng'ombe na maziwa wanajua kibuyu tu, chungu kitawashinda. Rodah akamjibu kwamba watu wa samaki hawajui hata kusafisha kibuyu, wangekinywea supu. Mkono wa Rodah ulikuwa mzito mwanzoni. Vyungu vyake vilipinda, vilitoboka, vilikaa upande. Lakini kila alipoizungusha kamba ya udongo juu ya kamba nyingine, alisikia kichwani utulivu, kama pale mvua ya mawe inapokoma ghafla juu ya mabati. Baada ya miaka akawa fundi wa kweli. Nyumbani kwake, hata hivyo, aliendelea kunywa maji kwa kikombe cha plastiki. Mfinyanzi hulia gaeni, na Rodah hata kigae hakuwa nacho.

Sasa ulipokuja ule mtungi wa langoni, aliufinyanga kwa bidii yake yote, maana hakujua kufanya kazi mbaya. Akaumaliza. Akaufunika. Halafu visingizio vikaanza.

Mtu akitaka kisingizio cha mvua, Mungu amjalie kuzaliwa Kericho. Noah alikuja na mwavuli kuuliza, Rodah akamwambia kuni zimelowa. Akaja tena, akaambiwa kuna upepo. Akaja siku ya jua, akaambiwa mgongo unauma. Kipkemoi, mwanawe, alijitolea kuukoka moto yeye mwenyewe, akaambiwa hii si kazi ya kuunguza takataka. Mazishi yakapita, watu wakanawa kwa plastiki, wakanusa mikono yao, wakanyamaza. Na Rodah kila asubuhi alipofungua kibanda chake na kuuona mtungi umekaa chini ya gunia, alisema moyoni: leo pia nipo.

Nyakati za alasiri, ukungu unapopanda na chai yote kugeuka kitu cheupe kisicho na mwanzo wala mwisho, alisinzia kibandani na ndoto ikamjia, moja tu, ile ile. Kipngeno amesimama ndani ya chai, majani yamemfika kiunoni. Mbele yake uko mtungi. Ananawa mikono, polepole, kidole kwa kidole, na maji hayaishi wala hayamwagiki. Rodah anataka kumwambia atoke humo, mtungi ni mbichi, utaharibika, lakini sauti haitoki. Kipngeno anainua uso na kumuuliza kwa ile sauti yake ya kila siku, "Umeshapika?" Hapo anaamka. Hakuwa anaamka na hofu. Aliamka na huzuni kwamba mume wake amesafiri mbali hivyo kuja kuuliza chakula, na yeye hakumjibu.

"Wewe unaogopa tu," Ayoo alimwambia siku moja, akichokoza ukingo wa gunia kwa kidole cha mguu.

"Nani anaogopa?"

"Hii mtungi iko kavu kuliko mimi. Choma."

"Mvua itanyesha."

Ayoo akatazama mbinguni, ambako hakukuwa na wingu hata moja la kumsaidia rafiki yake, akacheka.

Halafu akafa Jonah, mzee jirani, mtu mpole aliyekuwa akipeleka maziwa yake barabarani kila alfajiri na kumsalimia hata mtoto mchanga. Siku ya mazishi Rodah alikuwa kule msibani tangu asubuhi, akimenya viazi pamoja na wanawake. Noah alipoona watu wanazidi kuja, na jeriken ya manjano imesimama langoni kama tusi, akaamua jambo. Alikwenda mwenyewe kwa Rodah na toroli lililotandikwa nyasi. Akafunua ubao, kanga, gunia. Na alichokiona kilikuwa mtungi uliokamilika, mwekundu, unang'aa. Asiyewahi kufinyanga hawezi kujua. Mtungi mbichi uliosuguliwa vizuri hupendeza kuliko uliochomwa. Noah akafikiri: kumbe mama alishauchoma zamani, anaogopa tu kuutoa. Akaubeba kwa heshima zote mpaka langoni kwa Jonah, akaujaza maji mpaka shingoni, akaufunika kwa sinia.

Maombi yakawa marefu, kama ilivyo kawaida yetu. Mtungi ukawa unakunywa.

Watu walipotoka kaburini, wa kwanza kufika alikuwa Nelvine, binti wa Jonah, na gauni lake jeusi, udongo wa baba yake kwenye viganja. Akachota maji, akayaona mekundu. Akachota tena. Ndipo tumbo la mtungi likaanza kushuka, taratibu sana, mabega yakainama, mdomo ukapinda upande mmoja, na mtungi ukakaa chini kama mtu anayesinzia kanisani. Maji mekundu yakapita katikati ya viatu vya watu.

"Wee! Imeyeyuka!" kijana mmoja akapiga kelele.

Wote wakamtafuta Rodah kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya jiko, kisu cha viazi mkononi. Na nitasema alichohisi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukificha baadaye: alifurahi. Kwa kitambo kidogo alifurahi sana, mwili mzima ukawa mwepesi, kwa sababu mtungi haupo na kifo chake kimekosa pa kukaa. Kisha akamwona Nelvine. Binti alikuwa bado ameinyoosha mikono mbele yake, tope juu ya tope, hajui aipanguse wapi.

"Hata maji imekataa baba?" Nelvine akasema. Hakuwa anamlaumu mtu. Aliuliza kweli.

Ile furaha ikamwisha Rodah pale pale. Alichukua beseni la kuoshea viazi, akamwaga maji yake, akajaza mengine safi, akaenda kumnawisha binti yule yeye mwenyewe, kiganja kwa kiganja. Alilia waziwazi wala hakujali nani anamwona. Alijua kuwa hofu yake, ambayo aliifunika kwa gunia akidhani ni mali yake peke yake, ilikuwa imemwaibisha mtoto wa watu siku aliyozika baba.

Kesho yake Ayoo akafika na karai na jembe dogo. Alikuwa amesimuliwa, na alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Twende tukachukue udongo yetu," akasema.

"Wacha, Mama Okoth. Imekwisha."

"Imekwisha aje? Iko pale kwa gate inakanyagwa na ng'ombe."

"Mimi siwezi tena."

Ayoo akaweka karai chini. "Sikia, Mama Kipkemoi. Mbichi haifi. Unaweza loweka, unafinyanga, inaanguka, unafinyanga tena, mpaka Yesu arudi. Haifi. Lakini haiwezi beba maji. Umeona mwenyewe. Ile imechomwa, hiyo siku moja itavunjika na haitarudi kuwa udongo. Lakini mtu atakunywa. Sasa wewe unataka gani?"

Rodah akavaa gambuti zake, viatu vya mpira vya matopeni.

Walikwangua tope la langoni kwa Jonah, wakachambua majani na changarawe. Noah, ambaye aibu ilikuwa imemkondesha kwa siku moja, alileta vigae vya mtungi wa zamani. Alikuwa amevihifadhi nyuma ya kanisa, hakuwa na moyo wa kuvitupa. Wakavitwanga vikawa unga, wakachanganya, maana udongo usiotiwa vigae hupasuka motoni. Wakakanda kwa miguu, wameshikana mabega, ukungu ukiwapita. Kwa mbali ungedhani ni vikongwe wawili wanacheza ngoma isiyosikika.

Ni wakati huo wa kukanda Ayoo aliposema. Wahenga husema mficha maradhi, kilio humfichua. Ayoo hakuwa mtu wa kungoja kufichuliwa.

"Kuna kitu kwa tumbo. Nilienda hospitali. Wamesema hata kupasua haitasaidia."

Miguu ya Rodah ikasimama.

"Kanyaga," Ayoo akasema. "Itakauka."

Rodah akakanyaga. Alitaka kusema maneno mengi ya kufariji, yale tunayoyasema sote tukienda kuwaona wagonjwa, lakini kila moja lilipofika ulimini aliliona limeshatumika sana. Akasema tu, "Unaumwa saa hizi?" Ayoo akasema kidogo. Wakaendelea.

Mtungi mpya ukapanda kwa siku kadhaa, tumbo, mabega, shingo. Ukabaki mdomo. Mdomo hufungwa, yaani ukingo wake humalizwa, shingo ikishashika nguvu, na katika mafunzo ya Ayoo, yaliyotoka kwa mama yake, anayefunga mdomo ndiye mwenye mtungi, hata kama mwili wote ulipandishwa na mtu mwingine. Rodah alilijua hilo vizuri. Alasiri ile alipeleka majani ya chai kituoni, foleni ikawa ndefu, na aliporudi akamkuta Ayoo amepiga magoti kibandani, kidole gumba ndani ya mdomo wa mtungi, anazunguka nao kinyumenyume kama wafinyanzi wa kwao wanavyofanya. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Umefanya nini?" Rodah akauliza.

"Nimekupunguzia kazi."

"Hiyo ilikuwa yangu!"

"Yako ilikuwa ya kuogopa. Mimi sina time ya kuogopa. Wacha nikae nayo."

Rodah alikasirika vibaya. Hakuwahi kumkasirikia mtu hivyo tangu azikwe Kipngeno. Alimwambia Ayoo kwamba hakuombwa, kwamba kila mtu na mzigo wake, kwamba aende zake nyumbani. Ayoo akanawa mikono kwenye ndoo, akajitanda shuka, akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye maumivu asiyetaka yaonekane. Ukungu ukamfunika kabla hajafika barabarani.

Rodah akabaki peke yake na mtungi. Udongo ulikuwa bado laini. Angeweza kuchukua uzi, akaukata ule mdomo, akaufunga wake, na kila kitu kikarudi kwake kama alivyoagizwa. Aliuchukua uzi. Aliuzungusha kwenye vidole vya mikono miwili, akaukaza. Akajiambia kwamba maneno ya watu ni maneno tu, ugonjwa wa Ayoo ulitangulia mdomo wa mtungi, hakuna kitakachobadilika. Lakini alikuwa amejisikia mwepesi tena, sawa na siku ile ya Jonah, na safari hii wepesi ule ulimchoma. Rafiki yake anakufa, na sehemu fulani ya moyo wake imepumua. Alikaa na uzi mkononi mpaka giza la jioni likaanza kuingia kibandani. Hakukata. Aliona kwamba kuukata kungekuwa ujeuri, na kuuacha na kujificha nyuma yake kungekuwa woga. Kilichobaki ni kuuacha na kuuchoma.

Asubuhi alikwenda sokoni, akagonga kwa Ayoo, akamkuta anakoroga uji.

"Tunachoma siku gani?" akauliza.

Ayoo hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Wewe si ndiyo rafiki ya mvua? Muulize."

Walingoja kiangazi, ule muda mfupi baada ya Krismasi ambapo hata huku kwetu mbingu husahau kazi yake. Kipkemoi alikuwa amepata visiki vya michai mizee iliyong'olewa, ambavyo huwaka kwa moto mkali na wa polepole. Rodah akatandika kuni, akatandika mavi makavu ya ng'ombe, akaulaza mtungi katikati na vyungu vidogo pembeni, akafunika kwa nyasi. Kiberiti akakiwasha yeye.

Wakakaa kwenye mkeka, mbali kidogo na joto. Moshi ulipanda wima, ukafika juu, ukalala juu ya chai. Kulikuwa na ukimya wa mchana ule ambao hata kuku hawauvunji. Mtungi ulionekana kupitia nyufa za moto, kwanza mweusi, halafu polepole ukaanza kuwa mwekundu, si wekundu wa ngeu bali wa kitu chenye mwanga wake ndani. Rodah alisikiliza ule mlio wa kupasuka ambao kila mfinyanzi anaujua. Haukuja. Ayoo akaegemea bega lake, akasinzia, na usingizini akaanza kuzungumza Kijaluo na mtu fulani, kwa sauti ya msichana anayejibu mama yake. Rodah hakuelewa hata neno moja. Kila Ayoo aliponyamaza, yeye aliitika, "Eeh," ili mazungumzo yasikatike.

Jioni, majivu yalipopoa, Ayoo akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole. Ukalia, mlio mrefu, safi.

"Imekubali," akasema.

Sasa msinigeuzie hadithi kuwa ya miujiza. Ayoo hakufa wiki ile. Aliziona mvua ndefu, aliuza vyungu, aligombana na mama mboga wa jirani kuhusu kivuli, alikula samaki ambao Rodah alimnunulia na kuwalaumu kuwa si wabichi. Mtungi ulikaa kibandani bila gunia, na bahati ikawa hakuna aliyefariki katika mteremko mzima. Rodah alizoea kuusalimia akipita. Ndoto ya Kipngeno ilimjia mara moja tu katika muda ule. Alipomuuliza, "Umeshapika?" Rodah akasikia sauti yake mwenyewe ikimjibu kwamba ndiyo, ugali na mboga, na Kipngeno akakung'uta maji mikononi.

Ayoo alifariki mchana, chumbani kwake, Rodah akiwa amemshika mguu kwa sababu ndio uliokuwa na baridi. Okoth, mwanawe, alikuja kumchukua ampeleke kwao ziwani. Mteremko ukakodi gari, na Rodah akatoka kibandani na mtungi kifuani.

"Mama," Noah akasema kwa upole, "hii ni ya huku. Haijawahi toka."

"Leo inatoka," Rodah akasema, akaingia nao garini, akaupakata mapajani juu ya blanketi.

Kule ziwani kulikuwa na watu wengi na jua kali lisilo na ukungu hata kidogo. Hawakuwa na desturi yetu ya langoni. Rodah hakumuuliza mtu. Aliuweka mtungi, akaujaza, akasimama kando yake na kikombe, na watu walipotoka kaburini akaanza kuwamiminia. Walielewa. Mikono yenye udongo haihitaji mkalimani.

Kati ya wa mwisho alikuja Monicah, mdogo wake Ayoo, mwanamke mwenye vidole vifupi vya mfinyanzi. Aliinama kunawa, akashika mdomo wa mtungi ili asiyumbe, na kidole gumba chake kikateleza ndani ya ukingo. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena mahali pale pale.

"Hapa amefunga nani?" akauliza.

"Yeye mwenyewe," Rodah akasema.

"Mama alikuwa anamchapa juu ya hii. Upande moja nene, upande moja nyembamba. Kila siku anachapwa, na kila siku anarudia." Akaanza kucheka, pale pale mbele ya watu waliovaa nguo za msiba, na kicheko kikavunjika kikawa kilio, akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili iliyolowa. Watu wakangoja. Rodah akangoja pia, kikombe mkononi, akilia bila sauti.

Monicah alipoweza kusema, akasema, "Dada, niachie hii. Hakuna kitu ingine yake tuko nayo hapa."

Rodah akautazama mtungi, ule mdomo wake uliopinda kidogo, maji yaliyobaki ndani, na alama za mikono ya watu zilizokuwa zikikauka tumboni mwake. Akamshika Monicah bega.

"Siwezi, dada yangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini hawezi kuacha sufuria yake kwa jirani. "Lazima nirudi nayo. Hata mimi nitaihitaji."